Serikali Mpya na Mlango wa Kubisha

Ukipita Timboroa kwa matatu ya Nakuru kwenda Eldoret, hata mwezi wa pili jua likiwaka, utafunga zipu ya koti. Mji huu mdogo uko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, mpakani mwa Uasin Gishu na Baringo, na kituo chake cha reli ni miongoni mwa vilivyo juu kabisa barani Afrika. Baridi hiyo ndiyo inayolea viazi. Kando ya barabara yamepangwa magunia, na juu ya kila gunia kumefumwa wavu wa kamba uliopokea debe zima jingine, pengine mawili. Mkulima atalipwa gunia moja. Broka atakapofika soko la Wakulima, Nairobi, atakuwa na gunia moja na nusu. Watanzania wanaiita lumbesa, nao wameilalamikia miaka nenda miaka rudi.

Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema kilo 50, basi. Kabla yake kulikuwa na amri nyingine, na baada yake viongozi wamepokezana kutangaza kwamba safari hii broka atakiona. Mkulima anaijua kanuni. Anajua pia kwamba akimwambia mwenye lori atoe mizani, lori litasogea kidogo tu mbele hadi kwa jirani, na viazi vya Shangi havingoji mtu: vikishavunwa huchipua upesi. Afanye nini? Anafuma wavu. Mageuzi yake yamekwisha kupitishwa na kupigwa mhuri, ila hana pa kuyadai. Ndiyo maana nikisikia mjadala kwamba wananchi wetu wanatarajia makubwa mno kutoka kwa serikali mpya, huwa nashuku kwamba tunawalaumu wasiohusika. Matarajio ya Timboroa si makubwa. Ni mizani.

Nataka kuyalinganisha na matarajio ya watu wa mbali kidogo, wa Pakistani, na sikuwachagua kwa kubahatisha. Chai ya Nandi na Kericho inayopigwa mnada Mombasa huishia Karachi na Lahore kuliko penginepo: Pakistani ndiyo mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya, na mchele wao umo katika maduka yetu. Juni 2022 waziri wao wa mipango, Ahsan Iqbal, aliwasihi wananchi wapunguze kikombe kimoja au viwili kwa siku ili taifa liokoe dola. Walimcheka sana mitandaoni. Huku kwetu mwenye majani chai hakucheka. Nchi zote mbili zilikuwa zimeelemewa na madeni, zote zilikuwa katika mkataba na Shirika la Fedha Duniani (IMF), na zote, kwa kupishana miaka 4, zilimchagua mtu aliyejinadi kuwa mgeni katika nyumba ya wakubwa. Mmoja wa hao wageni, kusema kweli, alikuwa amekwisha kukaa miaka karibu 10 katika nyumba hiyo kama naibu wa rais.

Imran Khan alishinda uchaguzi wa tarehe 25 Julai 2018. Alikuwa nahodha wa timu ya kriketi iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1992, kisha akahangaika katika siasa zaidi ya miaka 20 kabla ya kupata serikali. Aliahidi Pakistani mpya: ajira milioni 10, nyumba milioni 5, na dola iliyofuata mfano wa Madina ya Mtume. Aliweka ratiba ya siku 100. Wiki za mwanzo zilikuwa za kupendeza machoni. Magari ya kifahari ya makazi ya waziri mkuu yalipigwa mnada, na baada ya magari wakauzwa nyati 8 wa maziwa waliokuwa wakifugwa humo, kwa rupia zaidi ya milioni 2. Niliposoma habari ya wale nyati nilikiri kwamba kama ingekuwa Kenya nami ningepiga makofi. Fedha zile hazikulipa hata chembe ya deni, lakini mwananchi aliyezoea kumwona mkubwa akila alipata nafasi ya kumwona mkubwa akiuza.

Halafu hesabu zikaja. Mtu aliyejiapiza kwamba hatakwenda kubembeleza mikopo alitia saini mpango wa dola bilioni 6 na IMF mwezi Julai 2019, na waziri wake wa fedha, Asad Umar, alikuwa amekwisha kuondoka mezani tangu Aprili. Bei zikapanda. Mwisho wa Februari 2022, kiti kikianza kuyumba, Khan alishusha bei ya petroli kwa rupia 10 kwa lita na kusema haitapanda hadi bajeti. Haikumsaidia. Aprili bunge likamwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani, akaingia katika orodha ile ile ya wenzake: hakuna waziri mkuu wa Pakistani aliyewahi kumaliza kipindi chake cha miaka 5.

William Ruto alianza kwa njia nyingine. Aliapishwa Kasarani tarehe 13 Septemba 2022, baada ya kumpita Raila Odinga kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 na Mahakama ya Juu kuyaidhinisha matokeo. Mhasla mwenye wilbaro, kama alivyojinadi, alikuwa amefika Ikulu. Katika hotuba ile ile aliwapa wakulima wa Bonde la Ufa walichokuwa wakikisubiri: mfuko wa kilo 50 wa mbolea utashuka kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500. Kesho yake, tarehe 14, petroli Nairobi ilipanda kutoka 159.12 hadi 179.30 kwa lita kwa kuwa ruzuku ilipunguzwa. Mkulima wa Timboroa alipewa kwa mkono wa kulia na kupokonywa kwa mkono wa kushoto, maana viazi haviendi Nairobi kwa miguu.

Hadi hapa ni hadithi mbili zinazofanana, na magazeti ya dunia huishia hapa: kiongozi wa umma aliahidi, uchumi ukamkatalia. Mimi naona tofauti iko chini zaidi, katika yale ambayo watu wa kila upande walikwisha kufundishwa kuyangoja kabla hata kura haijavumbuliwa.

Bara Hindi na nchi za Kiislamu zina picha ya kale sana ya mtawala mwema: ni yule anayesikia. Khalifa Umar anatembea usiku Madina, anamkuta mama akichemsha sufuria tupu ili kuwapumbaza watoto wenye njaa, anabeba unga mgongoni mwenyewe na kukataa mtumishi amsaidie. Mswahili yeyote aliyepitia chuoni anaijua hadithi hii, na asiyeijua anamjua Harun Rashid wa Alfu Lela Ulela anayevaa nguo za mfanyabiashara ili aisikie Baghdad ikisema. Mfalme Jahangir wa Wamughali ameandika katika kumbukumbu zake kwamba alipotawala mwaka 1605 amri yake ya kwanza ilikuwa kufungwa mnyororo wa dhahabu wenye kengele 60, ukianzia ngome ya Agra hadi ukingo wa mto, ili aliyedhulumiwa auvute na mfalme asikie. Wanahistoria hawajakubaliana kama kuna mnyonge yeyote aliyewahi kuuvuta. Haidhuru. Picha ilibaki.

Ukiitazama Pakistani ya 2018 kwa jicho hilo, mambo mengi yanajieleza. Oktoba mwaka ule serikali ilizindua programu ya simu ya kupokea malalamiko ya raia, na mamilioni ya malalamiko yakaingia: bomba la maji taka, mwalimu mtoro, umeme. Ni mnyororo wa Jahangir katika simu. Aliyelalamika alipata namba ya shauri na, mara nyingi, jibu kwamba shauri limefungwa. Hata ahadi ya dola ya Madina, iliyowachekesha wachambuzi wa Ulaya, haikuwa ahadi ya sera. Ilikuwa ahadi ya tabia ya mtu: nitakuwa Umar wenu. Ubaya wa ahadi ya namna hiyo ni kwamba haiwezi kutimizwa nusu. Barabara inaweza kujengwa nusu. Mtu hawezi kuwa Umar nusu.

Afrika Mashariki tumeionja ladha hiyo. Novemba 2015 John Magufuli, rais mpya wa Tanzania, alitembea kwa miguu hadi Wizara ya Fedha, kisha akaingia hospitali ya Muhimbili bila taarifa, akawakuta wagonjwa wamelala chini, akamwondoa mkurugenzi na bodi. Tarehe 9 Desemba sherehe za uhuru ziligeuzwa siku ya usafi. Wakenya walimwonea wivu jirani yao, nakumbuka, kwa miezi mizima. Hakuna aliyeuliza wakati ule mgonjwa wa Muhimbili atafanya nini siku ambayo rais hatapita.

Sasa njoo huku milimani, kwenye udongo wa Timboroa wenyewe, unaolimwa na Wakalenjin na Wakikuyu bega kwa bega. Mila za pande zote mbili zilijua kubadilisha serikali, na zilikuwa na utaratibu ambao ningependa wabunge wetu wausome. Wanandi walikuwa na saget ab eito: rika lililoshika nchi lilikusanyika, fahali mweupe akachinjwa, na ulinzi wa nchi ukakabidhiwa rika lililofuata. Wakikuyu walikuwa na ituika, ambapo kizazi kizima kilikipokea kijiti kutoka kwa kizazi kilichotangulia baada ya kulipa mbuzi kwa miaka kadhaa. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938, anasimulia kwamba asili ya ituika ni kuangushwa kwa mfalme dhalimu. Watu waliapa hawatatawaliwa tena na mtu mmoja.

Linganisha na kampeni zetu. Katika makabidhiano yale hakuna aliyeahidi ajira wala nyumba. Aliyepokea ndiye aliyelipa. Na hakuwa mgeni: wazee walimjua tangu alipopashwa tohara, walijua ni mvivu au ni mchapakazi, na kama angeharibu angeharibu pamoja na rika lake lote, wala si peke yake akiwa amezungukwa na washauri. Sisemi ulikuwa wakati wa dhahabu. Wanawake hawakuhesabiwa katika makabidhiano hayo, wala mpangaji wa ardhi ya mwenzake hakuwa na kauli ya mwenye mbari. Lakini matarajio yalielekea upande mwingine: jamii ilimtarajia mpokeaji alete mbuzi, haikungoja aigawie.

Waingereza waliikata kamba hii kwa makusudi. Oktoba 1923, siku chache kabla ya saget ab eito iliyokuwa imepangwa, serikali ya kikoloni iliondoa kibali chake, ikamkamata orkoiyot, kiongozi wa kiroho wa Wanandi, Barsirian arap Manyei pamoja na wazee wengine na kuwapeleka Meru. Barsirian alimaliza sehemu kubwa ya miaka 40 iliyofuata katika kifungo na uhamisho. Ituika ya miaka ya 1920 nayo ilizimwa. Badala yake wakaachiwa baraza la chifu. Barazani mwananchi haongei na mwenzake, anaongea na meza iliyo mbele, na anajifunza kuomba: tunaomba zahanati, tunaomba daraja, tunaomba mtukumbuke. Uhuru ulipokuja meza ilibadilishwa kitambaa tu.

Na hapa Timboroa ina elimu ambayo sehemu nyingine za Kenya hazina. Imekaa kati ya marais wawili. Daniel arap Moi alitoka Sacho, Baringo, upande mmoja. Ruto kazaliwa Uasin Gishu, upande wa pili. Miaka 24 ya Moi ujumbe baada ya ujumbe ulipanda basi kwenda Ikulu au Kabarak kutoa shukrani na kuwasilisha maombi. Watoto walikunywa maziwa ya Nyayo shuleni, na wengi wetu tunayakumbuka kwa mapenzi. Lakini ni wakati huo huo wafugaji walipoanza kucheleweshewa malipo ya maziwa na kiwanda chao kikadidimia, na pareto, ua jeupe lililokuwa likisomesha watoto wa miinuko hii wakati Kenya ikiongoza duniani, likafuata njia hiyo hiyo hadi wakulima wakang'oa. Mtu wetu alikuwa juu. Malipo ya pareto hayakufika chini. Ukimuuliza mzee wa hapa kwa nini hakushangilia sana 2022, huenda akakujibu kwa kukuonyesha shamba lililokuwa la pareto.

Je, kuna ahadi ya serikali mpya iliyowahi kushika mizizi? Ipo, na shahidi wake ni wa Eldoret.

Tarehe 30 Desemba 2002 Mwai Kibaki aliapishwa Uhuru Park akiwa katika kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta baada ya ajali. Wakenya wa miezi ile walikuwa na matumaini ya ajabu. Abiria waliwakatalia trafiki kitu kidogo hadharani na kuwashika mkono waliokuwa wakipokea. Muungano wa NARC uliahidi nafasi 500,000 za kazi kila mwaka na katiba mpya katika siku 100. Katiba ilikuja tarehe 27 Agosti 2010, baada ya kura moja ya maoni kushindwa na taifa kuchinjana. Kazi zile hazikuja kwa hesabu iliyotajwa. Kashfa ya Anglo Leasing ikafichuka, John Githongo aliyewekwa kupambana na ufisadi akajiuzulu 2005 akiwa ng'ambo. Kati ya yote hayo ahadi moja ilitimia Januari 2003: shule za msingi bila karo. Watoto zaidi ya milioni moja walijitokeza ghafla.

Na mwaka mmoja baadaye, Januari 2004, mzee Kimani Maruge wa umri wa miaka 84 alifika katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akitaka kuandikishwa darasa la kwanza. Alikuwa amevaa kaptula ya shule na soksi ndefu. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe, na kuhesabu fedha zake bila kuhesabiwa. Wapo waliopinga, madawati yalikuwa haba na watoto wanabanana. Lakini tazama alichokuwa nacho mzee yule ambacho mkulima wa viazi hana. Alikuwa na tangazo lisilotaja kabila wala chama. Alikuwa na lango la kubisha, umbali wa kutembea. Na ndani ya lango alimkuta mtu ambaye, akisema hapana, hapana yake ingeonekana na kila mtu. Hakuhitaji mjumbe wa kumsemea Ikulu. Ahadi ya karo imepita mikononi mwa marais waliofuata, imeliwa pembeni na michango ya kila namna, walimu wakuu wamelia kwamba fedha za serikali hazifiki kwa wakati, lakini hakuna mwanasiasa aliyethubutu kusimama jukwaani na kusema ataiondoa.

Ulinganisho hapa unauma. Mwaka ule ule wa 2010 Kenya ilipopata katiba, Pakistani ilipitisha Marekebisho ya 18 ya katiba yake, na kifungu cha 25A kikafanya elimu ya bure kuwa haki ya kila mtoto wa miaka 5 hadi 16. Kwa maandishi wametupita. Lakini watoto zaidi ya milioni 20 wa Pakistani bado hawako shuleni, wakiwamo wasichana wengi wa vijijini, kwa sababu katika maeneo mengi lango lenyewe halipo, au lipo na mwalimu hayupo. Kwa hiyo sidai kwamba sheria inatosha. Gunia la kilo 50 lina sheria.

Ukiipima serikali ya 2022 kwa kipimo cha lango, mbolea inatoka vibaya. Bei ilishuka kweli, na mwaka 2023 ikafika 2,500, nani asiyeshukuru? Ila ili uipate ulihitaji kusajiliwa na maofisa wa chifu, ungoje ujumbe kwenye simu, usafiri hadi bohari ya Bodi ya Nafaka na Mazao, upange foleni na mvua imeshaanza. Machi 2024 ikafichuka kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwa mpango huo haikuwa na mbolea ya maana ndani. Waziri wa Kilimo Mithika Linturi alifikishwa mbele ya kamati ya bunge, kamati ikamsafisha mwezi Mei. Julai rais alipovunja karibu baraza lote la mawaziri, hakurudi. Lakini mahindi ya aliyepanda vumbi yalikuwa yamekwisha kuwa ya manjano shambani. Huwezi kupeleka mfuko mtupu kwa chifu yule yule aliyekusajili na kusema unadai msimu. Wazazi wa Uasin Gishu walioweka fedha katika mpango wa kaunti wa kuwapeleka wanao kusoma Finland na Kanada wanajua kilio hicho. Mwaka 2023 waliandamana mjini Eldoret, na ungewasikia wakisema waliamini kwa sababu ilikuwa serikali.

Kuna tarajio moja ambalo halikuwamo katika ilani ya chama chochote, na kwa Timboroa na Burnt Forest lilikuwa la kwanza. Nyumba zilichomwa huku 1992, zikachomwa tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na miaka ya katikati haikuwa salama sana. Mzee Maruge mwenyewe aliishia katika hema la wakimbizi wa ndani mwaka 2008, akaendelea kwenda shule, kisha akahamia Nairobi na kufariki Agosti 2009. Agosti 2022 kura zilihesabiwa, kesi ikaenda mahakamani, na usiku ulikuwa usiku wa kawaida. Kuna mwanamke anayeuza viazi kando ya barabara hii ambaye, ukimuuliza serikali imemfanyia nini, atakuambia: nimelala. Wachambuzi wa Nairobi hawahesabu usingizi. Seneti ilipomwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua tarehe 17 Oktoba 2024, baada ya kampeni ya 2022 iliyowafanya Wakikuyu na Wakalenjin wapige kura sanduku moja, watu wa miji kama huu walitazama habari zile kwa jicho tofauti kabisa na la wale waliokuwa wakishangilia au kulaani mitandaoni.

Matarajio yakivunjika, watu hufanya nini? Mwaka 2024 ulitoa majibu mawili. Pakistani, Imran Khan akiwa gerezani tangu Agosti 2023, Mahakama ya Juu ilikinyima chama chake alama ya gongo la kriketi wiki chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 8 Februari. Katika nchi ambayo mamilioni hawasomi, kuondoa alama ni kumfunga mpiga kura macho. Wagombea wake wakasimama kama wagombea huru, kila mmoja na alama yake, huyu kiti, yule sufuria, na vijana wakawafundisha bibi zao kwa simu alama ya jimbo lao. Walipata viti vingi kuliko chama chochote, ingawa serikali iliundwa na wengine na Shehbaz Sharif akawa waziri mkuu. Sidhani kwamba wapiga kura wale wote waliamini bado katika Madina ya nahodha. Walikuwa wakidai kura yao ihesabiwe.

Kenya, Juni ya mwaka huo huo, vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kikalenjin, Kikuyu na Dholuo, wakasambaza namba za simu za wabunge. Tarehe 25 waliingia bungeni. Watu walikuwa barabarani hata Eldoret, nyumbani kwa rais. Kesho yake alikataa kuutia saini. Tume ya haki za binadamu ilihesabu baadaye waliouawa kuwa 60 na zaidi. Desemba baadhi ya kodi zilirudi kwa sheria nyingine.

Katikati ya hayo kuna shauri moja linalozifunga nchi hizi mbili kuliko chai na mchele. Oktoba 2022, Ruto akiwa na mwezi mmoja Ikulu, alivunja kikosi maalumu cha polisi kilichohusishwa na mauaji na kupotea kwa watu, wakiwamo Wahindi wawili na dereva wao Mkenya. Ilikuwa ahadi ya mageuzi iliyosifiwa kuliko zote za mwezi huo. Siku chache tu baadaye, usiku wa tarehe 23 Oktoba, polisi wa kikosi kingine walimpiga risasi mwandishi wa habari Arshad Sharif katika Kaunti ya Kajiado. Alikuwa amekimbia Pakistani baada ya kufunguliwa kesi kwa ukosoaji wake wa jeshi. Polisi walisema walilifananisha gari lake na lililoibwa. Serikali zote mbili zilitoa maneno ya pole, zikaahidi uchunguzi.

Mjane wake, mwandishi wa habari pia, hakungoja uchunguzi. Akishirikiana na vyama vya waandishi vya Kenya alifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Kajiado, mahakama ya mji wa wafugaji, maelfu ya kilomita kutoka kwake, dhidi ya serikali ya nchi ambayo hakuwahi kuipigia kura. Tarehe 8 Julai 2024, wiki mbili baada ya vijana kuingia bungeni, mahakama iliamua kwamba mauaji yale yalivunja katiba, ikazilaumu ofisi zilizochelewesha uchunguzi, na kuamuru alipwe shilingi milioni 10. Malipo yalisimamishwa kwa siku 30, serikali ipate nafasi ya kukata rufaa.